Filimbi Inayoshuka

Kikundi cha watazama ndege kilikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Masikio, na mtu huyo, kusema kweli, alikuwa hasikii. Si kwamba alikuwa kiziwi. Ukimwita kwa sauti nzito angegeuka, na pikipiki ikimjia nyuma angeruka pembeni kama wewe na mimi. Ila sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga, na yeye hakuwa amemwambia mtu.

Basi Jumamosi asubuhi, wenzake walipofuata njia ya bustani kando ya mto huku darubini zikiwaning'inia vifuani, Masikio hakuangalia miti. Aliangalia shingo. Shingo ya mwenzao mfamasia ikikaza na kuelekea kwenye mkuyu, Masikio naye alikunja uso, akanyanyua kidole, akangoja kidogo kama anayepima jambo, kisha akasema, "Mdiria. Yule mdogo." Kwenye mkuyu ule mdiria mdogo hakosekani, mtoto mchanga angepatia. Lakini wote wakasema, "Loo, Masikio!" Siku nyingine shingo zote ziligeuka pamoja, akatangaza chiriku kwa kujiamini kabisa, kumbe ilikuwa simu ya mtu inaita ndani ya mkoba. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wakidhani ametania. Naye alicheka nao, jasho likimtiririka mgongoni.

Jina lile hakuliokota njiani. Miaka nyuma angeweza kufumba macho kwenye daraja la mbao na kukutajia kila kilichokuwa kinaimba ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa mageti na madirisha ya chuma. Karakana ilikuwa uchochoroni nyuma ya duka la rangi: meza ya chuma iliyojaa makovu, mashine ya kuchomelea, na mashine ya kukatia ambayo ikiwashwa hata muuza rangi alifunga mlango wake. Mke wake alishona mapazia katika chumba cha mbele nyumbani. Watu walisema mume anafungua madirisha na mke anayaziba, ndiyo maana nyumba ile haikosi kazi. Bustanini alianza kwenda ili kupumzisha kichwa, maana baada ya wiki nzima ya chuma kupiga mayowe, mtu hutamani kusikia kitu kinachojua kuimba. Mke aliwaita ndege hao wake wenzake. "Nenda kwa wake wenzangu," angesema, "lakini urudi na mboga."

Chuma kilichomlisha ndicho kilichomla masikio. Vizibo vya kuzuia kelele alinunua, akavitundika ukutani kwenye msumari, na vilipendeza sana pale. Alijua mambo yameharibika siku birika la jikoni lilipochemka, lile linalopiga filimbi, naye amesimama mbele yake anatazama mvuke. Mvuke aliuona. Filimbi hakuisikia. Akadhani birika limekufa, akaanza kulichokonoa mdomo, mpaka mke akaja mbio: "Wewe, kelele yote hiyo unaitazama tu?" Akajifanya alikuwa na mawazo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na jina kama lake la kulinda.

Angeweza kuendelea hivyo, akisoma shingo za watu, kama si habari ya matete.

Siku ya Alhamisi mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliwaita sebuleni kwake. Jiji lilitaka kufyeka matete ya kwenye kona ya mto, pajengwe maegesho ya magari na kibanda cha kukodisha boti. "Nimegombana nao mpaka nimechoka," mwenyekiti alisema. "Lakini wamekubali jambo moja. Ofisa wao anakuja Jumamosi. Ikithibitika kwamba kinyozi bado anakaa mle, matete yanabaki. Asipopatikana, buldoza linaingia wiki ijayo."

Kinyozi ni jina walilompa wao ndege mdogo wa rangi ya kahawia, adimu, ambaye karibu hakuna aliyewahi kumwona vizuri kwa sababu hatoki ndani ya matete. Anajulikana kwa sauti tu. Hukata mkasi, tsi-tsi-tsi-tsi, kisha hupiga filimbi moja nyembamba inayoshuka taratibu. Kilichotatiza ni kwamba ndani ya matete hayohayo anaishi ndugu yake wa kawaida, aliyejaa katika kila mtaro wa jiji, naye anakata mkasi vilevile. Tofauti ni kwamba huyu hana filimbi. Wanakikundi hawakuwahi kujisumbua kuwatenganisha hawa wawili. Ya nini, na Masikio yupo?

"Bahati nzuri Masikio anamsikia kila wiki," mwenyekiti akasema. "Sivyo?"

"Yupo," Masikio akajibu. Alijibu kwa mazoea, kama alivyokuwa akijibu kila walipopita pale tangu mvua zilipokatika, na neno lilikuwa limeshatoka kabla hajagundua safari hii amelitia uzito gani.

Ijumaa alifunga karakana mapema, akaenda peke yake. Alisimama kwenye kona ya mto, viatu vimezama matopeni, akasikiliza kwa mwili mzima. Alisikia maji. Alisikia njiwa. Alimsikia dudumizi ng'ambo akishusha sauti yake nzito, ile inayotoka tumboni, na akamshukuru karibu kwa machozi. Matete yalitikisika, kitu kikapita ndani yake, lakini mkasi hakuusikia wala filimbi hakuisikia. Huenda kinyozi alikuwa ameondoka. Huenda alikuwa hapohapo, hatua chache, anaimba kwa nguvu zake zote. Hofu iliyomshika ilikuwa ya namna mbaya, kwa sababu hakuna alichoweza kufanya kwa masikio yake mwenyewe ili ajue lipi ni lipi. Akisema hayupo, huenda anamfukuza ndege aliye nyumbani kwake. Akisema yupo, anaapa juu ya kitu asichokijua, mbele ya serikali.

Alifikiria kumpigia mfamasia, mtu mzuri mwenye masikio mazima. Alitoa simu, akairudisha mfukoni. Aliona aibu, na aibu ni bosi mbaya kuliko njaa. Akaenda nyumbani.

Mke alikuwa kwenye cherehani, kitambaa kizito cha mapazia kimemfunika magoti.

"Mama, kesho naomba twende wote."

"Twende wapi?"

"Bustanini."

"Mimi? Kwa wake wenzangu?" Akacheka. "Mapazia haya yanatakiwa kesho. Wasalimie."

"Nahitaji masikio yako."

"Na yako umeyapeleka wapi?"

Alitaka kulizungusha jambo, akashindwa. "Mimi sisikii," akasema. "Sauti nyembamba. Zimeondoka."

Mke aliendelea kutabasamu kidogo, akingoja mzaha uishe. Ulipokataa kuisha, aliinua mguu kwenye cherehani, akasukuma kitambaa pembeni. "Tangu lini?"

"Sijui. Tangu birika lile. Pengine kabla."

Alidhani atahurumiwa. Badala yake aliona shingo ya mkewe ikivimba.

"Mwaka mzima," mke akasema. "Mwaka mzima naongea na mgongo wako! Nakuuliza kitu, kimya. Nakueleza jambo la maana, unasema 'sawa' na kuchukua kofia. Nilidhani umenichoka. Unanisikia? Nilikaa hapa nikajiambia, huyu mzee amenichoka, na mtu aliyechokwa hanyenyekei, ananyamaza. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Sauti yako ni nyembamba," Masikio akasema, na hata yeye alijuta kabla hajamaliza.

"Ahaa! Sasa kosa ni la sauti yangu!"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, na hilo alilisikia vizuri. Mke alijifuta macho kwa ncha ya pazia la mteja, akaliangalia pazia, akasonya. Kisha akasema, kwa sauti aliyoisukuma mpaka chini, "Haya. Huyo mke mwenza analiaje?"

Akamfundisha. Mkasi ulikuwa rahisi, mke aliupata mara moja. Filimbi ikawa taabu, ingawa ile ya mdomo wa mtu, nzito kuliko ya ndege, bado aliisikia ikipigwa karibu. Masikio alikuwa na jino la mbele lililovunjwa na kipande cha chuma zamani, na kila alipopiga filimbi upepo ulimkimbia, sauti ikapanda badala ya kushuka. "Inashuka," akasisitiza. "Mdomo wangu tu ndio mkorofi. Wewe kumbuka inashuka." Wakapanga kwamba mke atasimama ubavuni pake. Akiisikia, atamvuta mkono wa shati na kumnong'oneza jinsi ilivyo, naye Masikio ndiye atakayetamka. Kikundi kisingejua. Ulikuwa mpango wa kitoto, lakini ndio aliokuwa nao, na hakulala vizuri.

Asubuhi ofisa wa jiji alifika na viatu vinavyong'aa, akakataa kukanyaga tope. Alisimama kwenye ukingo mkavu, saa mkononi, akitazama matete kwa macho ya mtu anayeona magari yamekwisha kupangwa. Mwenyekiti alikuwepo, mfamasia alikuwepo, na wengine watatu nyuma yao. Walifurahi kumwona mke.

"Leo shemeji ametutembelea!" mfamasia akasema.

"Nimekuja kuwaona hao wanaonipora mume," mke akajibu, na wakacheka. Masikio hakucheka.

Wakanyamaza, wakasubiri. Hakuna aliyeangalia matete. Wote walimwangalia Masikio. Kwa mara ya kwanza hakuwa na shingo ya kusoma, maana shingo zote zilikuwa zimeelekea kwake. Dudumizi aliguna mbali. Ofisa alipiga miayo. Kila matete yalipotikisika, Masikio alitupia jicho upande wa mkewe, na mke alitikisa kichwa kidogo: bado. Mwenyekiti alianza kuvunja vidole vyake kimoja kimoja. Jua likapanda.

"Mama mwenyekiti," ofisa akasema, "nina kikao."

"Dakika kidogo tu. Masikio?"

Hapo ndipo mkono wa shati ulipovutwa. Aliinama, na mke akaweka midomo karibu na sikio lake, akamwigia: tsi-tsi-tsi-tsi, kisha filimbi.

Filimbi ilipanda.

Iliyumba kidogo, ikapanda, vilevile kama yeye alivyoipiga jana jioni na jino lake bovu. Hakuna ndege duniani aliyewahi kuimba hivyo. Ule ulikuwa wimbo wa fundi chuma mwenye pengo. Akamtazama mkewe. Macho ya mke yalikuwa makavu, yametulia kabisa, na yalimwambia waziwazi: sema, tuondoke hapa.

Alikuwa hajasikia chochote. Alikuwa anamdanganyia.

Nitakuambia ukweli, na Masikio mwenyewe hakuuficha baadaye: alikaribia kusema. Kalamu ya ofisa ilikuwa tayari. Neno moja tu, matete yapone, jina lipone, kila mtu aende kunywa chai. Nani angeumia? Lakini kilichomzuia si ofisa wala ndege. Ilikuwa kwamba uongo wake, aliokuwa ameubeba peke yake muda wote huo, sasa ulikuwa umeingia kinywani mwa mke ambaye jana tu alimwambia amenyamaza kwa sababu yake. Akaona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani.

"Usiandike," akamwambia ofisa.

"Hayupo?"

"Sijui." Akavua kofia. "Mimi sisikii. Siku nyingi sasa. Sauti nyembamba zimenitoka, na kila nilipowaambia yupo, nilikuwa nabahatisha. Mke wangu naye hajasikia kitu. Ananihurumia tu."

Mke alimkanyaga mguu, akiwa amechelewa.

Mfamasia alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Na mdiria wa kwenye mkuyu?"

"Nilikuangalia shingo."

"Na yule chiriku..." Mfamasia hakumalizia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua amekuwa akicheka peke yake. Mwenyekiti alivua miwani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Tumewaandikia jiji, Masikio. Tumetia sahihi zetu chini ya maneno yako."

"Najua."

"Basi hayupo," ofisa akasema, karibu kwa furaha, akafungua kalamu.

"Sijasema hayupo!" Masikio alipaza sauti mpaka yangeyange waliokuwa ukingoni wakasogea. "Nimesema sijui. Nyinyi ndio mnaoweza kujua. Mna masikio mazima mnayatembeza tu! Simameni hapa. Acheni kuniangalia mimi. Yule wa kawaida anakata mkasi, anaacha. Kinyozi anakata mkasi, kisha anashusha. Hivi." Akaogopa kupiga filimbi, akatumia mkono: aliunyanyua juu ya kichwa, akauteremsha polepole mpaka kiunoni, kama anayeshusha ndoo kisimani. "Sikilizeni mwisho wake tu."

Ofisa alisema atakwenda kujibu simu kwenye gari, akirudi anataka jibu. Wakageukia matete. Walikuwa hovyo sana mwanzoni. Mmoja alimsikia kinyozi kwenye breki za baiskeli. Mwingine akawanyamazisha wenzake kwa kelele kuliko wao. Mfamasia alikuwa amekasirika bado, amefumba macho, taya zimekaza. Masikio alisimama nyuma yao na hakuwa na kazi tena. Aliomba, bila kujua anaomba nini, kwa sababu hata ikijulikana hayupo, angalau itakuwa imejulikana.

Ofisa akarudi. "Haya?"

Mkono wa mfamasia ulikuwa umeinuka. Ulikaa juu, kisha ukaanza kushuka, polepole, mpaka kiunoni. Mwenyekiti aligeuka akamtazama, akainua wa kwake, na baada ya muda nao ukashuka. Kisha wale watatu wa nyuma. Hata ofisa aliinamisha kichwa, akasahau viatu vyake, akakanyaga tope. "Ile inayoteremka?" akauliza. "Ile nyembamba? Si anaimba tangu nikiwa garini huyo."

Mke alimshika Masikio mkono. "Yupo," akamwambia, uso kwa uso, akitamka taratibu. "Safari hii kweli. Anashuka."

Masikio aliangalia matete. Mikono ilipanda na kushuka mbele yake, watu wazima wakitabasamu kama watoto, na kwake ilikuwa maji na upepo tu. Alifurahi. Furaha ilikuwa kubwa na ilimuuma, na hakuona sababu ya kuificha; alilia waziwazi. Ofisa aliandika alichoandika, akasema matete hayaguswi mwaka huu, akaondoka akikung'uta viatu.

Wenzake waliendelea na njia ya mto. Mwenyekiti alimpita, kisha akarudi hatua mbili, akamwambia Jumamosi ijayo asichelewe, maana mtu lazima awafundishe na hao wengine; lakini hakumwita Masikio, na wala hakutabasamu. Yeye na mke wakabaki nyuma, wakatembea taratibu.

"Uliniambia mwaka mzima unazungumza nami," akasema. "Nilikosa nini?"

"Mengi. Mengine upuuzi."

"Anza na lile la maana."

Mke alitembea kidogo kwanza. Kisha alisimama mbele yake, ili aone midomo. "Siku niliyotoka hospitali," akasema. "Walikuta uvimbe hapa, kwenye titi, wakakata kipande wakapime. Nilikuambia usiku uleule jikoni. Ulikuwa unanawa mikono. Ukasema 'sawa', ukaenda kulala."

Fundi alikaa chini palepale njiani, kwenye vumbi, darubini ikamgonga kifuani. "Majibu?" akauliza.

"Yalikuwa mazuri. Nilikuambia hayo pia."

Alimwona akisema, lakini hakuwa na hakika. Aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi yote. "Sema tena," akamwomba. "Kwa nguvu."

"Mazuri!" mke akapiga kelele bustanini, mikono kiunoni, mpaka kundi zima kule mbele likageuka na ndege wakatimka kwenye mkuyu. "Majibu yalikuwa mazuri! Umesikia sasa?"

Alisema amesikia. Mke akamnyooshea mkono amwinue, lakini yeye akauvuta, akamkalisha vumbini kando yake, akamwambia aendelee na lililofuata.